Meya Akiondoka, Karatasi Zake Ziende Wapi?

Mwanafunzi wa ushairi anamjua Sheikh Kaluta Amri Abedi kwa kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Shabiki wa kandanda analijua jina hilo kwa uwanja wa Arusha. Muumini wa Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya anamjua kwa kazi aliyoifanya pamoja na Sheikh Mubarak Ahmad katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1953. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma dini hadi Rabwah, Pakistani, akawa Waziri wa Sheria baada ya uhuru, na akafariki Oktoba 1964 akiwa na umri wa miaka 40 tu. Katikati ya maisha hayo mafupi kuna cheo ambacho wasifu zake nyingi hukitaja kwa sentensi moja kisha zikapita: alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, katika miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Mtu alikalia kiti cha juu cha mji mkuu wakati utawala unabadilika mikono, na historia ina sentensi moja ya kusema juu yake. Ufupi huo una sababu. Unatokana na jinsi tunavyozichukulia karatasi za viongozi wa miji, na hoja ya makala haya ni kwamba karatasi za meya, za ofisini na za nyumbani kwa pamoja, zinastahili kuhifadhiwa katika hazina ya umma isiyo chini ya halmashauri aliyoiongoza, na isiyotegemea familia yake peke yake.

Tuanze na halmashauri, kwa kuwa ndiko watu wengi wanakodhani kumbukumbu za meya ziko salama. Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, na uhuru ulipofika Desemba 1961 ikawa jiji. Mwaka 1972 serikali ilizifuta serikali za mitaa kwa jina la madaraka mikoani, na halmashauri za miji hazikurudi hadi mwaka 1978, baada ya huduma za mijini kuzorota. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena, ikawekwa Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja hadi mwaka 2000, jiji lilipogawanywa katika manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke huku Halmashauri ya Jiji ikirejeshwa juu yake. Baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa kwa mara nyingine, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kila uamuzi kati ya hayo ulikuwa na sababu zake za kiutawala, na si kazi ya makala haya kuzipima. Linalotuhusu ni kwamba taasisi inapovunjwa, masijala yake hubaki bila mwenyewe. Majalada yanayohitajika kwa kazi ya kesho, kama ya viwanja, kodi na kesi mahakamani, hugawanywa kwa warithi. Yale yasiyodaiwa na mtu yeyote hurundikwa stoo. Barua ya meya wa zamani kwa chama cha wafanyabiashara wa soko ni ya kundi hilo la pili, kwa sababu hakuna karani wa masijala atakayeulizwa iko wapi. Na hata pasipo kuvunjwa taasisi, jengo moja ni dhamana dhaifu: Machi 2004 moto uliunguza sehemu ya City Hall ya Nairobi pamoja na nyaraka zilizokuwamo.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu zaidi, linatoka kwa wanaoujua muundo wa serikali zetu za mitaa. Watasema meya wa kwetu si mtendaji. Mkurugenzi ndiye anayetia sahihi mikataba, anayeidhinisha malipo na anayemiliki masijala; meya huongoza vikao vya madiwani, na kumbukumbu za vikao hivyo huandikwa na kuthibitishwa. Zama za Waingereza mambo hayakuwa mbali na hapo, kwani shughuli za ofisi zilikuwa mikononi mwa Karani wa Mji. Kwa hiyo, watasema, ukiwa na mihtasari ya vikao na majalada ya mkurugenzi, umemaliza. Ukweli wa maelezo haya siukatai, ila hitimisho lake limegeuzwa kichwa chini. Kiongozi anayetawala kwa sahihi huacha alama katika kila jalada analolipitisha. Kiongozi anayetawala kwa ushawishi haachi alama hizo. Kazi ya meya hufanyika kabla ya kikao: katika kuwaweka sawa madiwani wa pande mbili, kumtuliza mwenye nyumba anayeogopa bomoabomoa, kumwandikia waziri kwa lugha isiyo rasmi, kupokea wazee wa mtaa sebuleni jioni. Kikao kikifika, muhtasari huandika kwamba hoja ilijadiliwa na kupitishwa. Nani alibadili msimamo, kwa nini, na aliahidiwa nini, hayo hayamo. Yakiwepo popote, yako katika shajara ya meya, katika rasimu za hotuba zilizokatwa kwa kalamu, katika barua zilizofika nyumbani kwake badala ya ofisini. Kadiri cheo kinavyokuwa na mamlaka machache ya kisheria, ndivyo karatasi binafsi za mwenye cheo zinavyozidi kuwa ushahidi wa kazi yake.

Ndiyo maana mpaka kati ya karatasi za kazi na za binafsi, unaoonekana wazi katika waraka wa serikali, hufifia ukiutazama katika maisha ya mtu. Chukua watu wanne waliokuwa ndani ya Amri Abedi: mhubiri, mshairi, mwanasiasa wa TANU na Meya. Barua ya muumini wa Tabora anayemwomba dua na kumweleza pia shida ya mwanawe aliyefika Dar es Salaam kutafuta kazi ingeandikwa binafsi, lakini ingekuwa ushahidi wa uhamiaji wa mjini kuliko takwimu nyingi. Shairi lililotungwa usiku wa kuamkia kikao kigumu lingekuwa fasihi na siasa kwa wakati mmoja. Mtunza nyaraka akizitenga karatasi za namna hii katika mafungu mawili, moja la taifa na moja la familia, anakata uzi uliounganisha maana yake. Wataalamu wa kazi hiyo wana kanuni ya kuuheshimu mpangilio asilia: karatasi zibaki na jirani zilizokuwa nao mezani kwa mwenyewe, kwa sababu ujirani huo nao ni habari.

Yupo atakayesema familia zimeifanya kazi hii vizuri bila msaada wa mtu. Sehemu ya dai hili ni kweli, na inastahili shukrani. Barua za Shaaban Robert za mwaka 1931 hadi 1958 tunazisoma leo kwa sababu mdogo wake, Yusuf Ulenge, alizitunza, hata M. M. Mulokozi akaweza kuzihariri na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikazichapisha mwaka 2002. Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, aliacha maandishi juu ya maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akayatumia kuandika sura juu ya babu yake katika kitabu cha Modern Tanzanians kilichohaririwa na John Iliffe na kutolewa mwaka 1973. Bila nyaraka za nyumba hiyo, historia ya siasa za Dar es Salaam kabla ya TANU ingekuwa na pengo kubwa. Mjukuu mwingine wa Kleist, aliyebeba jina la babu yake, alikuja kuwa Meya wa Jiji. Lakini mifano hii inatufundisha pia udhaifu wa njia yenyewe. Kila mmoja unategemea ndugu mmoja mwenye moyo, nyumba moja isiyovuja, na warithi wasiogombana. Tunaziona familia zilizofaulu kwa sababu zilifaulu. Zilizoshindwa hazikuacha kitu cha kutuonyesha. Hazina ya umma haipaswi kujengwa juu ya bahati ya namna hiyo.

Wala si kweli kwamba hatujui kuhifadhi karatasi za watu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mkusanyo wake wa East Africana, ina karatasi za Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni. Nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizo katika Nyaraka za Taifa ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Kwa upande wa viongozi wetu wenyewe, Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa ya mwaka 2004 imeweka msingi wa kutunza kumbukumbu za Mwalimu Nyerere na Mzee Karume. Yote hayo ni mema. Ila ukiyaweka pamoja unaona sura yake: mkoloni amehifadhiwa, Rais amehifadhiwa, na katikati yao pana nafasi tupu ambamo mji ulipaswa kuwa. Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inalinda kumbukumbu za ofisi za umma, lakini shajara ya meya aliyostaafu nayo nyumbani haiingii ofisini kwa kuwa tu sheria ipo. Inahitaji mtu wa kuiomba.

Pingamizi la pili ni la kimaadili. Ukimpa mwanasiasa nafasi ya kukabidhi karatasi zake, si atachagua zinazompamba na kuchoma zilizobaki? Hofu hii ina mfano halisi. Rudolph Giuliani alipomaliza umeya wa New York mwishoni mwa mwaka 2001, serikali yake iliingia mkataba wa kuzikabidhi nyaraka za umeya kwa kituo cha binafsi kilichobeba jina lake. Maelfu ya masanduku yakahamishiwa ghala la binafsi kwa maelezo kwamba yangepangwa na kunakiliwa bila kuugharimu mji. Wanahistoria na watunza nyaraka walipinga vikali: anayepanga ndiye anayejua nini kilikuwepo, na asiyeaminika kupanga hawezi kuaminika akisema hakuna kilichoondolewa. Nyaraka hizo hatimaye zilirudi kwenye hifadhi ya mji, na mwaka 2003 baraza la mji likapitisha sheria ya kuzuia jambo hilo lisirudiwe. Somo la New York halisemi karatasi za meya zisiguswe. Linasema mlolongo wa makabidhiano usipite kwenye mikono yenye masilahi. Mtunza nyaraka wa umma aorodheshe kwanza, sanduku kwa sanduku, ndipo mambo mengine yafuate. Na hata mkusanyo uliochujwa na mwenyewe una faida ukilinganishwa na mihtasari ya vikao, maana mapengo yake huonekana. Ukimya unaoweza kupimwa ni bora kuliko usahaulifu mtupu.

La tatu ni siri. Karatasi za nyumbani zina habari za ndoa, madeni, maradhi na watu wa tatu ambao hawakuomba kuingia katika historia, na kwa kiongozi wa dini zina mambo ya waumini waliomfungulia mioyo. Hapa ni lazima tukubali kwamba haki ya hao watu ni nzito kuliko hamu ya mtafiti. Lakini kuhifadhi si kufungua. Nyaraka za umma Tanzania kwa kawaida husubiri miaka 30 kabla ya kusomwa na wananchi. Hati ya makabidhiano inaweza kuweka muda mrefu zaidi kwa barua za faragha, na familia ikabaki na sauti katika maamuzi hayo. Kinachochomwa leo kwa ajili ya kulinda heshima ya mtu hakiwezi kurudishwa pale atakapohitaji kutetewa na ushahidi.

Limebaki la gharama, na halipaswi kudharauliwa katika manispaa ambayo zahanati yake haina dawa. Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Jalada la miaka ya 1960 lina karatasi nzito zenye sahihi, nakala nyembamba za kaboni zinazochanika kwa kidole, na pini za chuma ambazo kwa unyevu wa pwani hushika kutu na kula karatasi kuanzia pembeni. Mtunza nyaraka huondoa pini, hufuta vumbi kwa brashi laini, hupanga karatasi katika makabrasha yasiyo na asidi, huziandikia namba na kuziweka katika masanduku yaliyoinuliwa juu ya sakafu, mbali na mchwa. Kinachotakiwa zaidi ni chumba kikavu, mtu aliyefunzwa na subira. Kuipiga picha kila karatasi kwa kompyuta ni jambo zuri, lakini laweza kusubiri, pini haisubiri.

Kwa meya wa leo hali ni ya haraka zaidi, kwa sababu ushawishi wake unapita kwenye simu, na simu ikibadilishwa kipindi kizima cha uongozi kinaweza kupotea bila hata moshi. Njia ipo na si ngumu. Kila meya anapoapishwa aelezwe kwamba siku ya kuondoka atakaa na ofisa wa Nyaraka za Taifa, si wa halmashauri, na kuandika hati inayotaja zipi ni za umma, zipi za binafsi anazozitoa, na zipi zifungwe kwa muda gani. Familia za mameya waliokwisha kufariki zifuatwe nyumbani kwa adabu, zipewe nakala ya kila zinachokitoa, na jina la mzee wao libaki juu ya mkusanyo. Chuo kikuu kikubali kuwa mpokeaji wa pili pale familia inapokiamini zaidi kuliko serikali. Wakazi wa mji wana haki ya kujua jinsi mji wao ulivyoamuliwa, na haki hiyo haitimizwi kwa kuwapa majina ya viwanja na mitaa. Inatimizwa kwa kuwapa karatasi.