Nyumba za Wazee Katika Historia Yetu: Kabla ya Kumpeleka Mzazi, Uliza Pato Linatoka Wapi



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, kuna suali ambalo wazazi wa wanafunzi wetu hapa Nyamirambo wanazidi kutuletea baada ya darsa. Mtoto mmoja yuko Brussels, wa pili yuko Muscat, wa tatu yupo hapa hapa Kigali lakini amepanga chumba na sebule na mke na watoto wanne. Mama amebaki peke yake na mfanyakazi wa nyumbani anayebadilika kila miezi mitatu. Je, kumweka mama katika nyumba ya kutunzia wazee ni uquuq, yaani kuwaasi wazazi?

Wapo wanaolimaliza suali hili kwa neno moja: hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi tunaona jibu hilo lina haraka. Wajibu wa mtoto haupingiki. Tukisoma aya ya 23 na ya 24 za Suratul Israa tunakuta uzee wa wazazi umetajwa kwa jina lake, na mtoto amekatazwa hata kuguna mbele yao. Ulamaa husimama pia kwenye neno "indaka" katika aya hiyo, kwamba mzazi anafikia uzee akiwa kwako, katika ulinzi wako. Lakini je, ulinzi huo umewahi kuwa kazi ya mtoto peke yake? Hapo ndipo historia inapotusaidia.

Mwaka 12 Hijria (633), Khalid bin Walid (r.a.) aliandikiana mkataba na watu wa Hira huko Iraq, ambao walikuwa Wakristo. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, ameuhifadhi katika Kitabul Kharaj. Ndani yake mna sharti kwamba mzee aliyeshindwa kufanya kazi anaondolewa jizya, na yeye na watu wake watatunzwa kutoka Baitul Mal. Katika kitabu hicho hicho mna habari ya Sayyidna Umar (r.a.) kumkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba mlangoni. Alimshika mkono akampeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akampelekea habari mweka hazina amwangalie huyu na walio mfano wake. Hakuanza kwa kuuliza watoto wake wako wapi.

Baitul Mal ni mlango mmoja. Mlango wa pili, ambao ndio uliodumu zaidi, ni wakfu. Mjini Cairo mwaka 684 Hijria (1285), Tidhkarbay Khatun, binti wa Sultan Baybars, alijenga ribati kwa ajili ya Sheikha Zaynab al-Baghdadiyya na wanawake waliokuwa pamoja naye. Mwanahistoria al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 1442, ameieleza vizuri. Wanawake walioachwa au kutelekezwa walikaa humo mpaka waolewe tena au warudi kwa waume zao. Palikuwa na sheikha anayewafundisha na kuwasimamia, na utaratibu wa ibada ulikuwa mkali. Al-Maqrizi anataja pia ribati nyingine upande wa makaburi ya Qarafa zilizokuwa makao ya vikongwe na wajane. Kwa hiyo nyumba ya pamoja ya akina bibi wasio na wa kuwatunza, chakula kipo, mwalimu yupo, ilikuwepo katika mji mkuu wa Kiislamu zaidi ya miaka 700 iliyopita.

Lakini tusome mpaka mwisho. Al-Maqrizi huyo huyo anasema ribati ya al-Baghdadiyya ilififia baada ya misukosuko ya mwaka 806 Hijria. Misri ilipatwa na njaa, thamani ya fedha ikaanguka, na nyumba zilizotegemea pato la wakfu zikakosa mafuta ya taa. Nia ya mwenye kuweka wakfu haikubadilika. Kilichokatika ni pato.

Kwa watu wa pwani habari hii si ngeni. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar matajiri wengi waliweka nyumba zao wakfu, na humo waliishi jamaa zao, watumwa walioachwa huru na masikini, bila kodi au kwa kodi ndogo sana. Baadhi ya nyumba hizo zilibomoka kwa sababu aliyeziweka wakfu hakuacha duka wala shamba la kulipia chokaa na boriti. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume iliweka makao ya wazee Sebleni kwa gharama ya serikali. Na tangu Aprili 2016 serikali ya Zanzibar inawalipa pensheni wazee wote waliofikia miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Mzee mwenye chake mkononi hata mkwe humwamkia vizuri.

Tutoke kidogo nje ya dunia yetu. Katika mji wa Augsburg, Ujerumani, tajiri Jakob Fugger alianzisha mwaka 1521 kitongoji cha nyumba za masikini wa dini yake ya Kikatoliki. Mpaka leo kodi ya mwaka mzima haifiki euro moja, na mpangaji anatakiwa kumwombea mwanzilishi kila siku. Misitu na mali nyingine za taasisi ndizo zinazolipa matengenezo. Ukiondoa tofauti ya dini, hakimu wa Kiislamu angeiona hati ile na kusema huu ni wakfu.

Linganisha na kilichotokea California. Marekani wana mtindo wa kijiji cha wazee ambapo mtu anaingia akiwa na nguvu zake, anakaa nyumba yake, akidhoofika anahamia upande wa kusaidiwa, na akiugua anahamia upande wa wauguzi, yote ndani ya uzio mmoja. Nyumba nyingi za namna hii zilianzishwa na makanisa, na zamani mzee alitoa fungu kubwa siku ya kuingia akaahidiwa matunzo mpaka kufa. Kampuni ya Pacific Homes, iliyokuwa na uhusiano na kanisa la Kimethodisti, iliahidi hivyo. Wazee wakaishi miaka mingi kuliko ilivyokisiwa, bei za vitu zikapanda, na fedha za wanaoingia wapya zikatumika kuwalisha waliotangulia. Mwaka 1977 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Wazee waliokwisha kuuza nyumba zao wakalishtaki kanisa, na mwaka 1980 yakafikiwa mapatano ya dola milioni 21.

Sisi tunaosoma fiqhi tunalijua tatizo hili kwa jina la gharar. Unalipa leo fedha inayojulikana kwa huduma isiyojulikana urefu wake. Malipo ya mwezi kwa mwezi, kama ijara ya kawaida, yana usalama zaidi kwa mzee na kwa mwenye nyumba.

Sasa turudi nyumbani. Waislamu wa Kigali kwa muda mrefu hawakuhitaji nyumba ya wazee, kwa sababu mtaa wenyewe ulikuwa ndiyo nyumba hiyo. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913, na katika utawala wa Wabelgiji Waislamu waliwekwa kando katika "kambi ya Waswahili", wakihitaji ruhusa hata ya kutembea kwingine. Dhulma ile ilizaa ujirani wa kubanana. Bibi wa Biryogo akiugua, uji ulitoka nyumba tatu kabla ya adhuhuri. Leo Biryogo ina vijia vilivyopakwa rangi na kufungwa kwa magari tangu 2021, mikahawa imejaa na kodi zimepanda. Hatulalamiki, biashara ni riziki. Ila waliokuwa wakileta uji wamehamia Kimisagara, Bugesera na ng'ambo.

Halafu kuna jeraha la 1994. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yaliwaacha wazee ambao watoto wao wote waliuawa. Kwa Kinyarwanda waliitwa incike, neno linalouma. Baadaye wakapewa jina la heshima, Intwaza. Wajane walijikusanya mapema, na AVEGA Agahozo ilianza Januari 1995. Mfuko wa FARG wa kuwasaidia manusura ulianzishwa 1998, na kazi zake zimeingia chini ya wizara ya umoja, MINUBUMWE, iliyoundwa 2021. Unity Club Intwararumuri, inayoongozwa na mke wa Rais, Bi. Jeannette Kagame, ilishiriki kujenga nyumba za Impinganzima, zilizopo Huye, Bugesera, Nyanza na Rusizi. Humo wazee wanaishi pamoja, wanatunzwa na kutibiwa, na hakuna anayeuliza mtoto wake yuko wapi, kwa sababu jibu linajulikana. Anayesema nyumba ya wazee ni aibu awakumbuke hawa kwanza.

Kwa hiyo jibu letu kwa wazazi wa wanafunzi ni hili. Kumtupa mzazi ni uquuq, awe amewekwa nyumba ya kifahari au chumba cha nyuma cha nyumba yako mwenyewe. Tumewaona wanaokaa na mama paa moja na hawamsalimii. Lakini kumtafutia mahali pa kutunzwa, kwa ridhaa yake, huku unamtembelea, unalipa na unafuatilia, hilo halimo katika makatazo.

Ridhaa yake tunaitilia mkazo. Mzee apelekwe kupaona, ale chakula cha hapo, asikie adhana inasikika au haisikiki. Uliza nyama inachinjwa na nani. Uliza mama atasaidiwa na mwanamke au mwanamme wakati wa kuoga na kutawadha. Siku ya mauti je, wataita watu wa kumwosha na kumkafini, au mtapigiwa simu kesho yake kutoka chumba cha maiti? Ndugu zetu walioko Ulaya na Canada waandikishe haya kwenye mkataba siku ya kuingia, maana mzee akianza kusahau hatakumbuka kukataa nguruwe.

Na jambo la mali. Ikiwa taasisi inataka mzee aandike nyumba yake kwa jina lao, simameni. Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) akiwa mgonjwa alitaka kutoa mali yake nyingi, na Mtume (s.a.w.) akamshusha mpaka thuluthi, na hiyo pia akaiona ni nyingi. Mgonjwa wa maradhi ya mauti hawezi kugawa zaidi ya hapo bila idhini ya warithi. Nyumba moja ya Nyamirambo ndiyo urithi wote wa familia nyingi tunazozijua.

Kila Ramadhani husikika fikra ya Waislamu wa Kigali kuchanga na kujenga nyumba ya wazee wetu. Tunaiunga mkono, lakini si kwa michango peke yake. Jengo hujengwa kwa mchango mara moja, uji hupikwa kila siku. Kwanza yawekwe wakfu maduka mawili matatu yanayopangishwa, hati iandikwe mbele ya wanasheria na viongozi wetu wa RMC, atajwe msimamizi na atajwe atakayemkagua, ndipo tutafute kiwanja cha vyumba. Wenye mali ambao tayari wanafikiria wasia wao waje tukae tuzungumze, na hesabu ya thuluthi tutaifanya pamoja.

Wabillahi tawfiq.