Msuko wa Wachina: Nywele au Kichwa?

Wazee wetu husema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Mithali hii twaitumia kila siku, wala hatufikiri sana juu ya wembe wenyewe. Mtu akitaka kupunguza nywele zake, hufikiri juu ya senti za kinyozi na maneno ya mkewe, basi. Lakini ilikuwako nchi moja kubwa ambako shauri la kunyoa au kutonyoa lilikuwa shauri la kufa na kupona. Tena halikuwa hivyo mara moja tu, bali mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kinyume cha ile ya kwanza. Nchi hiyo ni China, na habari zake zafaa kujulikana na kila mtu aliyepata kubishana na mzee wake, au na mwanawe, kwa ajili ya nywele.

Hapo kale wanaume wa China hawakunyoa. Walifuga nywele, na kijana alipokuwa mtu mzima alizifunga fundo juu ya utosi. Sababu yake haikuwa urembo. Wafuasi wa Confucius walifundisha ya kuwa mwili, nywele na ngozi ni vitu ambavyo mtu amepewa na baba na mama, na heshima ya mtoto kwa wazazi huanza kwa kutoviharibu. Basi mtu aliyejikata nywele alionekana kama amewavunjia heshima waliomzaa.

Kaskazini-mashariki walikaa watu wengine, Wamanchu, na desturi yao ilikuwa mbali kabisa. Wao walinyoa sehemu ya mbele ya kichwa, na nywele za nyuma wakazisuka msuko mmoja mrefu ulioning'inia mgongoni. Mwaka 1644 waasi waliingia Beijing, na mfalme wa mwisho wa ukoo wa Ming aliyetawala katika mji ule akajinyonga. Ndipo Wamanchu wakaja na majeshi yao wakautwaa mji. Mfalme wao alikuwa mtoto wa miaka 6, na aliyetawala kwa niaba yake alikuwa baba yake mdogo, jina lake Dorgon.

Dorgon aliwaamuru Wachina wanyoe kwa mfano wa Wamanchu, lakini alipoona manung'uniko ni mengi akaiondoa amri. Mwaka 1645, mji mkubwa wa Nanjing ulipokwisha kuanguka, akaitoa tena, na safari hii hakurudi nyuma. Kila mwanamume alipewa siku 10 awe amenyoa, na asiyetii angekufa. Watu wakaifupisha amri ile kwa maneno machache: atakayeweka nywele hataweka kichwa, na atakayeweka kichwa hataweka nywele. Dorgon alikuwa na hesabu yake. Moyo wa mtu hauonekani, lakini kichwa huonekana toka mbali, na kwa kukitazama tu askari angejua ni nani aliyetii na ni nani aliye adui.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Watu wa mji wa Jiangyin walikuwa wamekwisha kuutii utawala mpya. Kubadilishiwa mfalme walivumilia, lakini amri ya nywele ilipofika waliondoka wakashika silaha. Yan Yingyuan, ambaye zamani alikuwa ofisa mdogo tu mjini pale, aliwaongoza, nao wakayazuia majeshi ya Wamanchu kwa muda wa siku 80 hivi. Hata mwisho ukuta ulivunjwa, na watu wengi mno wakauawa. Mji wa Jiading nao ulipatwa na maangamizi kama hayo. Wengine walichagua njia nyingine: walikwenda kuwa watawa wa Buddha, maana watawa hao hunyoa kichwa chote. Yaani, ili wasinyolewe nusu kwa amri ya mshindi, walinyoa zote kwa hiari yao.

Miaka ikapita, na kile kilichoanza kwa upanga kikawa desturi. Watoto walizaliwa wakaona baba na babu wana misuko, wakadhani ndivyo Wachina walivyokuwa tangu mwanzo. Waasi wa Taiping walipoinuka katika miaka ya 1850, alama yao ya kwanza ilikuwa kuacha kunyoa, nao wakaitwa "wenye nywele ndefu." Ole wake mkulima aliyekaa kati ya majeshi mawili! Akinyoa alikuwa adui wa hawa, akiacha kunyoa alikuwa adui wa wale.

Wachina waliokwenda Marekani kutafuta kazi walishika msuko wao huko pia, maana mtu asiye nao aliogopa kurudi kwao. Mwaka 1876 mji wa San Francisco ulifanya sheria ya kuwakata wafungwa nywele, zibaki urefu wa inchi moja tu. Mfungwa mmoja, Ho Ah Kow, alikatwa msuko wake akaenda kushtaki, na mwaka 1879 jaji Stephen Field alimpa haki. Alisema ya kuwa sheria ile, ijapokuwa haikutaja kabila, ilitungwa kuwaumiza Wachina. Haya basi! Kitu ambacho watu wa Jiangyin walikufa wakikikataa, sasa mjukuu wao alikwenda barazani kukitetea kama heshima yake.

Kisha gurudumu likageuka. Mwaka 1895 Sun Yat-sen, aliyejaribu kuiondoa serikali ya Wamanchu akashindwa, alikimbilia Japani, na huko akaukata msuko wake. Vijana waliosoma Japani wakafuata. Mmoja wao alikuwa Lu Xun, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri. Aliporudi China mwaka 1909 ilimpasa kununua msuko wa bandia, maana mtu asiye na msuko alidhaniwa kuwa mwasi. Baadaye alipokuwa mwalimu katika mji wa Shaoxing, wanafunzi walimwendea wakamwuliza, Je, ni bora kuwa na msuko au kutokuwa nao? Akawajibu ya kuwa kutokuwa nao ni bora, lakini yeye awashauri wasiukate. Wanafunzi hawakupendezwa. Walimwona mwalimu wao asema hili na kutenda lile.

Sisi tulio walimu twalifikiri sana jibu hilo. Je, alikuwa mwoga? Sisi hatuoni hivyo. Yeye mwenyewe alikwisha kukata, na matusi ya njiani aliyajua. Lakini kichwa chake ni chake, na vichwa vya wanafunzi vilikuwa na wazazi wao. Kuonja hatari mwenyewe ni jambo moja, na kuwatia watoto wa watu katika hatari ni jambo jingine.

Mwezi wa Oktoba 1911 maasi yalianza Wuchang, na mwezi wa Februari 1912 mfalme wa mwisho, mtoto Puyi, aliondolewa katika enzi. Mwezi uliofuata serikali mpya iliamuru misuko yote ikatwe kwa siku 20. Askari walisimama milangoni pa miji wakiwa na mikasi, wakawakamata wakulima waliokuja sokoni. Wengine walilia, wengine wakaficha msuko chini ya kofia. Jemadari Zhang Xun hakukubali kabisa: askari wake walibaki na misuko yao, na mwaka 1917 alimrudisha Puyi katika kiti cha enzi, lakini kwa siku 12 tu. Mwaka 1922 Puyi mwenyewe aliukata wake. Wanawake wazee wa jumba la mfalme walilia, lakini baada ya siku chache watu wa jumbani karibu wote walikuwa wamekata.

Ndugu wasomaji, nywele zilikuwa zile zile. Mwaka 1645 mtu alinyolewa kwa upanga, na mwaka 1912 alikatwa kwa mkasi wa askari, na mara zote mbili mwenye kichwa hakuulizwa. Kijana akija kwetu na kusema ataka kukata nywele au kuzifuga, tusianze kwa ukali, wala tusianze kwa kumsifu. Tumwulize kwanza kama shauri ni lake mwenyewe, au kama wembe umeshikwa na mtu mwingine. Tena tumwambie kweli, kama yule mwalimu wa Shaoxing, juu ya lililo bora na juu ya gharama yake pia. Kisha tumwache atie maji zake mwenyewe.