Rangi, vanishi, mafuta na dawa: istilahi za kupaka mbao za nje

Makala hii inafafanua maneno yanayohusu upakaji wa mbao zinazokaa nje, hususan sakafu za mbao zisizoezekwa ambazo hujengwa ubavuni mwa nyumba, kando ya bwawa la kuogelea, katika hoteli za ufukweni na katika kambi za wageni mbugani. Bidhaa za kupaka sakafu hizo huuzwa aghalabu zikiwa na maelezo ya Kiingereza, na neno linalomtatiza mfasiri tangu mstari wa kwanza ni stain. Kisawe kinachowajia wengi haraka ni doa. Kisawe hicho ni sahihi kwa nguo iliyomwagikiwa chai, lakini kwenye kopo la bidhaa ya mbao kinasema kinyume cha kinachokusudiwa.

Doa, waa, baka

Doa (ngeli ya LI-YA, wingi madoa) ni alama isiyotakiwa juu ya kitu safi. Waa (mawaa) lina maana hiyohiyo na hutumika pia kwa aibu ya mtu. Baka (mabaka) ni eneo lenye rangi tofauti na sehemu nyingine za kitu kilekile. Maneno yote matatu yana hukumu ndani yake: kitu kimeharibika au hakilingani. Kwa hiyo sentensi “Paka doa kwenye mbao” humfanya msomaji afikiri ameagizwa kuchafua sakafu yake, na “doa la mbao” humaanisha kasoro inayoonekana juu ya mbao, kwa mfano alama nyeusi inayoachwa na msumari ulioshika kutu.

Kiingereza kimebebesha neno moja mambo mawili: alama ya uchafu, na kimiminika cha rangi kinachoingia ndani ya mbao bila kuficha mistari yake ya asili. Lugha nyingine zimetenganisha zaidi. Kijerumani kina Beize kwa rangi ya kubadili sura ya mbao za ndani, na Lasur kwa ile ya kuzikinga mbao za nje huku ikiziacha zionekane. Kifaransa nacho kina teinte na lasure. Kiswahili hakina sababu ya kufuata mkanganyiko wa Kiingereza, kwa kuwa vitenzi vyake vina tofauti inayohitajika.

Kupaka na kutia

Kupaka ni kueneza kitu juu ya uso wa kitu kingine: kupaka chokaa, kupaka mafuta, kupaka rangi. Kutia rangi ni kuifanya rangi iingie ndani. Msusi wa mikeka hapaki ukindu rangi; huuchemsha pamoja na rangi hadi ikolee, na husemwa kwamba ukindu umetiwa rangi. Kukolea ndicho kitenzi cha rangi iliyoingia barabara. Rangi ya ukutani hushika au haishiki. Rangi ya ukindu hukolea au haikolei.

Bidhaa inayojadiliwa hapa hupakwa kwa brashi, lakini kazi yake ni ya kutia. Istilahi inayopendekezwa ni *rangi ya kupenya*, ikilinganishwa na *rangi ya kufunika*, ambayo hukaa juu kama ngozi. Pale muktadha unapohitaji urefu, iandikwe “rangi ya kupenya mbao”. Kukopa neno lenyewe kwa umbo la “steini” kunawezekana kisarufi, ila humwacha msomaji asijue kitu hicho kinafanya nini.

Kwa upande wa sintaksia, kupaka huchukua yambwa mbili: “Mpake mtoto mafuta”, “Paka mbao rangi”. Muundo “Paka rangi kwenye mbao” unaeleweka, lakini ukirudiwa katika kila sentensi ya maelekezo hunuka tafsiri. Katika kauli ya kutendwa: “Mbao zimepakwa rangi.”

Tabaka la rangi katika Kiingereza huitwa kwa neno lilelile la koti la kuvaa. Katika maandishi rasmi ya Kiswahili, “makoti mawili ya rangi” yaepukwe. “Paka mara mbili” inatosha, na pale tabaka lenyewe linapozungumziwa, iandikwe “tabaka la kwanza”, “tabaka la pili”.

Rangi ya mafuta si mafuta ya mbao

Hapa ndipo kosa la mfasiri humgharimu mnunuzi fedha. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Afrika Mashariki, *rangi ya mafuta* ni rangi nzito ya kufunika, yenye kung’aa, inayopakwa milango, madirisha na vyuma, nayo hulinganishwa na *rangi ya maji* ya kutani. Mfasiri akikutana na rangi ya kupenya iliyotengenezwa kwa mafuta, kisha akaandika “rangi ya mafuta” tu, mwenye duka atatoa kopo la rangi ya milango. Ikipakwa sakafu ya nje itateleza mvua ikinyesha, na baada ya muda itabanduka, kwa kuwa maji huingia kwenye nyufa na ncha za mbao yakakosa pa kutokea.

Tofauti zinazostahili kuhifadhiwa ni hizi:

*Rangi ya mafuta*: rangi ya kufunika yenye kung’aa. Huficha mbao.

*Vanishi*: tabaka angavu linalokaa juu. Huonyesha mbao lakini, kama rangi ya mafuta, ni ngozi juu ya uso. Kwa samani za ndani inafaa. Kwa sakafu inayokanyagwa na kupigwa jua hupasuka na kubabuka.

*Rangi ya kupenya yenye mafuta* au *yenye maji*: neno “yenye” linataja kiyeyusho na haliligongi jina la dukani.

*Mafuta ya mbao*: mafuta yasiyo na rangi au yenye rangi kidogo sana, yanayonyonywa na mbao. Yanayofahamika zaidi ni mafuta ya kitani, yaani yanayokamuliwa kutoka katika mbegu za kitani.

*Dawa ya mbao*: kemikali ya kuzuia mchwa, wadudu wanaobungua na kuvu wanaoozesha. Neno dawa katika Kiswahili limepanuka zamani. Ipo dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mbu. Hivyo “dawa ya mbao” ni Kiswahili safi, lakini mahali penye hatari ya kuchanganya iandikwe kwa ukamilifu: “dawa ya kuzuia mchwa na kuoza”. Rangi ya kupenya si dawa. Humpunguzia mbao jua na maji. Haimzuii mchwa isipokuwa imechanganywa na dawa na kopo linasema hivyo.

Mbao zilizotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo mara nyingi huwa na rangi ya kijani kutokana na shaba. Dawa ya aina moja iliyotumika sana duniani ilichanganya kromi, shaba na aseniki. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwa mbao nyingi za majumbani kufikia mwisho wa mwaka 2003. Kwa sababu ya aseniki hiyo, onyo la “usichome vipande vya mbao hizi” litafsiriwe kwa uwazi unaolingana na maisha ya msomaji: “Usitumie mabaki ya mbao hizi kama kuni.” Kwa mwenye jiko la kuni, sentensi ya pili hufika pale ambapo ya kwanza haifiki.

Sakafu ya mbao, sitaha, deki, baraza

Sitaha ni sakafu ya juu ya meli au jahazi. Deki, neno lililokopwa kutoka Kiingereza, lina maana hiyo pia, lakini katika matumizi ya kila siku limehamia kwenye usafi: kupiga deki ni kuosha sakafu kwa maji na tambara. Sentensi “Safisha deki kabla ya kupaka” huwa na utata wa kuchekesha katika nyumba ambayo deki hupigwa kila asubuhi.

Baraza ni mahali pa kuketi mbele ya nyumba, kwa kawaida pa mawe au saruji, na lina maana ya kijamii ambayo jukwaa la mbao halina. Veranda huwa na paa. Roshani hutokeza ghorofani. Kwa maelekezo ya kiufundi, fungu la maneno “sakafu ya mbao ya nje” ni refu lakini halikosewi. Sitaha inaweza kutumika kwa ufupi baada ya kufafanuliwa mara moja.

Msamiati wa vyombo vya baharini

Kabla ya makopo ya kiwandani, mwambao ulikuwa na elimu yake ya kukinga mbao, na maneno yake yamo kamusini. *Sifa* ni mafuta yatokanayo na ini la papa, yaliyopakwa mbao za majahazi. Linafanana kwa umbo tu na sifa ya kumsifu mtu. *Deheni* ni mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa sehemu ya chombo inayozama majini. *Kalafati* ni kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta.

Maneno hayo yanafundisha mgawanyo uleule: sifa hunyonywa na mbao, deheni hukaa juu yake, kalafati huziba penye mwanya. Hata hivyo sifa haifai kupewa maana ya rangi ya kupenya. Haina kazi ya kutia rangi, na msomaji wa leo atasoma “sifa ya mbao” akaelewa ubora wake. Deheni libaki kwa vyombo.

Vitenzi vya uharibifu

Mfasiri asiyetofautisha vitenzi hivi huficha chanzo cha tatizo:

*Kubanduka*: tabaka kuachana na uso. Hutokea kwa rangi ya kufunika na vanishi.

*Kubabuka*: tabaka kuvimba na kutoka vipande, kama ngozi iliyoungua.

*Kuchujuka*: rangi kupungua kwa maji, kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi.

*Kupauka*: kuwa na weupe au ujivujivu wa ukavu. Mbao zilizopigwa jua hupauka kwa sababu miale ya urujuanimno huvunja lignini, ambayo ni gundi inayoshikanisha nyuzi za mbao, na mvua huosha mabaki yake.

Rangi ya kupenya iliyo nyembamba huchujuka na mbao zikapauka, lakini haibanduki. Ndiyo maana mwenye sakafu huweza kuosha, kuacha ikauke na kupaka tena, ilhali rangi iliyobanduka humlazimu kukwangua na kupiga msasa kwanza. Msasa, kwa njia, ni jina la mti wenye majani yanayokwaruza, yaliyotumiwa kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kurithi jina hilo.

Maneno ya kuchagulia

Rangi za kupenya hupangwa kwa kiasi cha chembe za rangi. *Angavu* huonyesha mbao zote na hudumu muda mfupi zaidi, kwa kuwa chembe za rangi ndizo zinazozuia jua. *Nusu angavu* hubadili rangi ya mbao huku mistari ikionekana. *Nzito* huficha mistari kabisa. Ingawa Kiingereza huiita kwa jina lilelile, tabia yake ni ya rangi ya kufunika, na inaweza kubanduka. Neno “imara” lisitumike kutafsiri daraja hili la tatu: mnunuzi atadhani ameahidiwa kudumu.

Aina ya mti huamua mengi. Msonobari, unaopandwa kwa wingi katika mashamba kama ya Sao Hill wilayani Mufindi, hunyonya vizuri. Msaji na mvule ni mbao ngumu zenye mafuta ya asili. Hunyonya kidogo, na kinachobaki juu hunata na kukusanya vumbi. Kwa mbao hizo maelekezo huagiza kupaka kwa uchache na kufuta ziada. Kitenzi kiwe “futa kwa kitambaa”. “Ondoa” peke yake hakisemi namna.

Kipimo cha utayari wa mbao ni rahisi kukieleza: “Nyunyiza matone ya maji. Yakinyonywa upesi, mbao ziko tayari. Yakibaki juu kama lulu, mbao bado zina unyevu au zina tabaka la zamani.”

Onyo lisilovumilia kosa

Mafuta ya kitani hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewa, na tendo hilo hutoa joto. Juu ya ubao joto hilo hupotea hewani. Ndani ya vitambaa vilivyolowa mafuta na kukunjwa au kurundikwa, joto hujikusanya hadi vitambaa vikawaka bila kiberiti wala cheche. Bidhaa nyingi za mbao zenye mafuta yanayokauka hubeba onyo hilo.

Tafsiri “vinaweza kuwaka ghafla” ni dhaifu, kwa sababu ghafla hutaja wakati, na msomaji hudhani moto lazima uwe karibu ndipo hatari iwepo. “Vinaweza kuwaka kwa hiari” ni kosa kabisa. Kinachotakiwa kutajwa ni chanzo: *vyenyewe*. Andika: “Vitambaa vilivyolowa mafuta haya vinaweza kushika moto vyenyewe. Visirundikwe. Vitandazwe nje, kimoja kimoja, hadi vikauke. Au vitumbukizwe katika chombo cha chuma chenye maji na kufunikwa.”

Mfano wa kulinganisha

Isiyofaa: “Weka makoti mawili ya doa la mafuta kwenye deki safi na uondoe ziada.”

Inayofaa: “Osha sakafu ya mbao na uiache ikauke kabisa. Ipake mara mbili kwa rangi ya kupenya yenye mafuta. Rangi isiyonyonywa ifutwe kwa kitambaa kabla haijaanza kunata.”

Sentensi ya kwanza ina maneno ya Kiswahili matupu, na hakuna fundi awezaye kuifuata. Mwalimu anaweza kuitumia darasani kwa zoezi: wanafunzi wataje kila neno lililopotosha, kitu ambacho msomaji angenunua kwa kulifuata, na jinsi sakafu ingekuwa baada ya masika moja.