Tumaini la Kikristo

Tumaini la Kikristo ni tazamio la kurudi kwa Yesu Kristo, ufufuo wa wafu na uumbaji mpya. Jinsi linavyogusa maisha ya kila siku huonekana katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, ambao Mtume Paulo aliuandika mnamo 50 au 51 BK, yaelekea akiwa Korintho. Waumini wa Thesalonike waliwalilia wenzao waliofariki kabla ya Kristo kurudi. Paulo aliwafariji, kisha akawahimiza watulie na wafanye kazi kwa mikono yao; yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mahema. Waraka wa pili, ambao baadhi ya wataalamu hawaamini ni wake, unawakemea wasiotaka kazi. Wahubiri wengi hudai watu hao waliacha kazi wakimngoja Bwana, lakini waraka wenyewe hausemi hivyo.