Kiseyeye, Machungwa na Pepo za Msimu: Afya ya Mabaharia wa Vasco da Gama

Abiria wa meli ya kitalii siku hizi husisitiziwa kunawa mikono, maana anaweza kuambukizwa tumbo la kuhara na abiria mwenzake. Matunda hayamsumbui akili, yamejaa mezani. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi tarehe 7 Januari 1499, akitoka India, alituma mtu pwani kutafuta machungwa kwa sababu wagonjwa wake walikuwa wakiyatamani.

Darasani tulifundishwa safari hii kwa habari za viungo na njia mpya ya baharini. Mimi nataka kuitazama kwa upande wa miili ya mabaharia, kwa kuwa naona hapo ndipo inapodhihirika nani alikuwa mwenyeji wa Bahari ya Hindi na nani alikuwa mgeni.

Wareno waliondoka Lisbon Julai 1497 wakila mikate mikavu na nyama ya chumvi. Januari 1498, walipopumzika kwenye mto karibu na Quelimane, Msumbiji, kiseyeye kilikuwa kimewavamia. Shajara ya safari inaeleza kwamba mikono na miguu ilivimba, na fizi zikakua mpaka kufunika meno, watu wakashindwa kula. Leo tunajua sababu: mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C, na ukiikosa kwa miezi miwili au mitatu huanza kuharibika.

Aprili walifika Mombasa, wakaletewa kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona. Mwandishi wa shajara anamshukuru Mungu na kuisifu hewa nzuri ya mji! Machungwa hakuyapa sifa yoyote. Lakini miezi tisa baadaye, pale Malindi, wagonjwa waliomba machungwa, si hewa. Nadhani walioumwa walikuwa wamekwisha kuelewa jambo ambalo mwandishi hakuliona.

Hata hivyo, tukiishia kwenye matunda tutakuwa tumeacha nusu ya habari. Tarehe 24 Aprili 1498 waliondoka Malindi na rubani waliyepewa na mfalme wa huko (vitabu vya shule humwita Ahmad ibn Majid, ingawa wanahistoria wengi hawakubali), upepo wa kusi ukianza. Baada ya siku 26 walikuwa mbele ya Calicut. Wakati wa kurudi hawakusubiri. Waliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijashika, wakakutana na shwari na pepo za mbisho. Bahari ileile ikawachukua karibu miezi mitatu. Watu 30 walikufa njiani, na wengine wapatao 30 walikuwa wamekufa kabla. Kila meli ilibaki na watu saba au wanane wenye nguvu ya kufanya kazi.

Kwa hiyo naona kwamba kinga kubwa ya mabaharia wa pwani yetu ilikuwa kujua majira. Sidhani chakula chao cha chomboni, mchele, tende na samaki mkavu, kilikuwa na vitamini nyingi. Ila aliyesubiri kaskazi bandarini alivuka kwa wiki chache, akafika kabla kiseyeye hakijapata nafasi. Kule Ulaya, daktari James Lind aliwajaribu mabaharia 12 mwaka 1747 na kuona kuwa waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Jeshi la majini la Uingereza likakawia mpaka 1795 kuagiza maji ya limau yagawiwe melini.

Machungwa ya Malindi yaliletwa kesho yake, lakini wengi walikuwa wamezidiwa mno, wakafia hapohapo. Siku chache baadaye, karibu na Mombasa, da Gama aliichoma moto meli yake ya São Rafael. Waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu.