Kuweka na kutunza kalenda ya matukio kwenye tovuti: niliyoyaona Nyeri

Wasomaji kadhaa wanaosimamia tovuti za misikiti, madrasa, vyama vya akina mama na timu za mtaani wameniuliza jinsi ya kuongeza kalenda ya matukio. Nitajibu kwa mifano ya Nyeri, ambako kazi imenileta mimi mtu wa Mombasa, na ambako nimezisaidia kamati mbili tatu kuweka zao. Mji huu unafaa kwa somo hili kwa kuwa matukio yake ni ya kila sampuli. Kuna maonyesho ya kilimo pale Kabiru-ini, ambayo kwa kawaida huwa Septemba. Kuna mikutano ya vyama vya ushirika vya kahawa kule Othaya na Mathira. Februari ina tarehe 18, siku aliyonyongwa Dedan Kimathi mwaka 1957, na tarehe 22, siku ya kuzaliwa kwa Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko hapa na maskauti hulizuru kutoka nchi nyingi. Juu ya hayo kuna harambee, mazishi, harusi na darsa za msikitini.

Kwanza tutenganishe tangazo na tukio. Ukiandika habari ya kawaida kwenye tovuti, kompyuta huipanga kwa siku uliyoichapisha. Mkutano wa Septemba uliotangazwa Juni utakuwa umezama chini ya habari nyingine kabla siku yake haijafika. Kalenda hutazama siku ya tukio lenyewe, saa ya kuanza na ya kumalizika, na hulipanga kwa hiyo. Likipita, huliondoa mbele ya macho ya watu.

Njia nyepesi ni kalenda ya Google, ambayo haina malipo. Fungua kalenda mpya kwa ajili ya kikundi, iruhusu ionekane na watu wote, kisha nakili msimbo wa kuipachika na uubandike kwenye ukurasa wako. Nasisitiza kalenda mpya. Ukiiweka hadharani ile yako binafsi, mtaa mzima utasoma siku yako ya kwenda kwa daktari. Njia ya pili ni kwa wenye tovuti ya WordPress: wanaongeza programu ya nyongeza kama The Events Calendar, ambayo toleo lake la msingi ni la bure na linatosha kikundi kidogo. Hii ya pili ina kazi zaidi, lakini kila tukio linapata ukurasa wake, nao ndio mtu anaoutuma WhatsApp.

Kazi ya kuiweka haimalizi siku nzima. Matatizo yote niliyoyaona yanatoka kwenye saa, kwenye marudio, na kwa mtu aliyeshika funguo.

Tuanze na saa. Tovuti nyingi za WordPress huanza zikiwa zimewekwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Usipoingia kwenye mipangilio ya jumla ukachagua Nairobi, kikao ulichokiandika 14:00 kitamtokea aliyekihifadhi kwenye simu yake kuwa 17:00. Atafika saa kumi na moja jioni akute viti vinapakiwa kwenye pikapu. Wageni wa Uingereza wanaopanga safari ya kuja Februari simu zao zitawageuzia saa zenyewe, mradi wewe umeweka eneo sahihi. Wao hubadilisha saa Machi na Oktoba, sisi hatubadilishi, kwa hiyo usijaribu kuwafanyia hesabu hiyo kwa mkono.

Kisha kuna saa zetu za Kiswahili. Andika "saa 8" kwenye tangazo, na nusu ya watu wa Nyeri watakuja asubuhi na nusu mchana, na wote watakuwa sahihi. Mimi huandika kwa maneno na kwa tarakimu pamoja: saa nane mchana, 14:00. Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi. 6/7 ni Julai kwetu na Juni kwa Mmarekani.

Kwa tovuti za misikiti hapa pana hatari ambayo sijaona ikielezwa. Jamaa wengi waliohamia miji ya Mlima Kenya huja na ratiba ya swala ya Mombasa, wakaipachika kwenye kalenda ya msikiti wao mpya. Nyeri iko magharibi ya Mombasa kwa digrii karibu 2.7, na jua huchukua dakika 4 kuvuka digrii moja. Maghribi ya Nyeri kwa hiyo huchelewa kwa dakika kama 11 wakati usiku na mchana vinapolingana, Machi na Septemba. Pengo hilo hupanuka Juni na kupungua Desemba, kwa kuwa Mombasa iko kusini zaidi. Anayefuturu Nyeri kwa adhana ya Mombasa anafungua jua likiwa bado halijazama, na swala yake imetangulia wakati. Chukua ratiba iliyopigwa kwa mji wenyewe, na uandike jina la mji juu yake. Nanyuki na Meru nao wawe na zao.

Marudio ni rahisi yakipangwa vizuri. Darsa ya kila Ijumaa au kikao cha Jumamosi ya pili ya mwezi unakiandika mara moja tu, na kompyuta inakirudia. Mpe mwisho, tuseme Desemba ya mwaka huo. Nimeona chama kilichovunjika zamani kikiendelea kukutana kwenye kalenda kila mwezi. Maonyesho ya siku kadhaa ni tukio moja lenye mwanzo na mwisho, usiyaandike mara tano. Sikukuu za serikali zinaweza kurudi kila mwaka kwa tarehe, ila angalia majina: Oktoba 20 ilikuwa Kenyatta kabla ya katiba ya 2010 kuifanya Mashujaa, na Oktoba 10 imetoka kwa Moi ikapita kwa Utamaduni hadi Mazingira. Mahali pa sherehe kuu pia huhama. Madaraka ya 2017 ilifanyika Nyeri, na Mashujaa ya 2021 Kirinyaga.

Usithubutu kurudisha Maulidi kwa mtindo huo. Mwezi 12 Mfungo Sita hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka wa Kizungu, na kompyuta uliyoiambia "kila mwaka" haijui mambo ya mwezi kuandama. Andika kila mwaka upya. Idd iandikwe kuwa inatarajiwa mpaka Kadhi Mkuu atangaze. Mfumo unaotumiwa na kalenda nyingi kupeana habari, uliotolewa 1998 na kurekebishwa 2009, una hali tatu za tukio: linatarajiwa, limethibitishwa, limefutwa. Programu nyingine hazikuonyeshi hali hizo, basi ziandike kwenye kichwa cha tukio.

Hii ya tatu ndiyo watu huidharau. Hafla ikiahirishwa, wengi huifuta kabisa. Mama aliyeiona wiki jana akirudi na kukuta patupu hudhani ni yeye ameshindwa kutafuta, na asubuhi anapanda matatu kutoka Othaya kwa nauli aliyoikopa. Iache pale pale, andika IMEAHIRISHWA mwanzoni mwa jina, na uweke siku mpya ikijulikana. Machi 2020, serikali ilipozuia mikusanyiko, kalenda zilizokuwa na mtu wa kuzitunza zilibadilika siku hiyo hiyo. Nyingine ziliendelea kualika watu kwenye harambee.

Kwa hiyo chagueni watu wawili, wasipungue wala wasizidi sana. Mmoja akisafiri, mwenzake anayo ruhusa. Funguo zisiwe kwenye barua pepe binafsi ya kijana anayemaliza chuo, kwani akipata kazi Nairobi kalenda inaondoka naye. Mkiruhusu watu wa nje kuleta matukio yao, yapitie kwa hao wawili kabla hayajaonekana, na wampigie simu mwandalizi kuthibitisha ukumbi. "Uwanjani" pekee haitoshi; taja mji, uwanja na lango.

Namba za simu ziwekwe kwa idhini ya mwenyewe. Tangu sheria ya kulinda data ya 2019, hilo si adabu tu. Kwa matanga hasa, namba ya mfiwa hadharani huvuta matapeli wa kuomba michango. Tumia namba ya kamati.

Wazee wasiotumia simu za intaneti nao wasisahauliwe. Kalenda hizi huchapika mwezi kwa mwezi kwenye karatasi moja, na kamati moja hapa mjini huibandika mlangoni Ijumaa ya kwanza, ikiwa na tarehe ya kuchapishwa pembeni ili anayesoma ajue ni ya lini.