AKINA MAMA NA MBIO: TULIKOTOKA NA TULIPOFIKA



Katika kijitabu hiki wengine wameandika habari za hisa na mikopo. Sisi tumeona tuandike habari za mbio, maana nazo zimewahi kuligusa sanduku letu la kufuli tatu.

Wenzetu wa pwani wana bahari, wanashindana kwa ngalawa. Sisi wa mlimani tuna barabara. Tangu mwaka 2003 mji wetu wa Moshi una Kilimanjaro Marathon, ambayo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Zipo mbio za kilomita 42, za kilomita 21 na za kujifurahisha za kilomita 5. Wa mbio ndefu hupandisha kuelekea Mweka. Mlima ule tunaujua, jamani! Tumeupanda miaka mingi tukitoka soko la Mbuyuni, mizigo kichwani, wala hakuna aliyetuvisha medali.

Zamani mwanamke alizuiwa kukimbia mbio ndefu. Kwenye Olimpiki ya mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800, wakubwa wakasema hawawezi, mbio hizo zikafutwa hadi mwaka 1960. Mwaka 1967 huko Boston, Marekani, Kathrine Switzer alikuwa anakimbia, msimamizi akamrukia amng'oe namba. Hakukubali, akamaliza. Boston waliwaruhusu wanawake rasmi mwaka 1972, na marathon ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984.

Na kwetu je? Mwaka 1965 Theresia Dismas alituletea medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika, Brazzaville. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Kumbe inawezekana!

Sasa tuseme ya kwetu, maana historia si ya kujisifu tu. Katika mwaka wa nne wa kikundi, mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa viatu na kiingilio ili binti yake akimbie kilomita 21. Tulibishana mpaka jioni. Wengi tukasema fedha za watu si za kuchezea, afadhali binti anunuliwe cherehani. Tukamnyima. Mama akauza kuku wake, binti akakimbia. Hakushinda, lakini alimaliza. Sisi tulikuwa kando ya barabara tunapiga vigelegele, na aibu imetujaa. Waliofuta mbio za mwaka 1928 walikuwa wanaume wa mbali; huku kwetu aliyemfungia binti mlango ni sisi mama zake.

Jumamosi iliyofuata tulibadilisha katiba. Sasa mfuko wa jamii hukopesha kiingilio na viatu, na mpaka leo hakuna aliyeshindwa kurejesha. Hata sisi wazee tumekwisha kukimbia zile kilomita 5, khanga kiunoni.

Mama yule bado yumo kikundini, analeta hisa zake kila wiki, ila hajaomba mkopo tena. Basi dada yetu, mbele ya wanachama wote, tunakuomba radhi. Kosa lilikuwa letu, na sanduku ni lako pia.

Mungu akibariki kikundi chetu.